Kona za Mtaa wa Rehema

Naungama jambo ambalo mtu wa umri wangu, tena mwenye shahada, angepaswa kulificha. Miaka ile magari ya Kijapani yaliyotumika yalipoanza kufurika Dodoma, nilinunua moja, nikamwomba fundi Saidi aiongezee injini nguvu. Ili rejeta kubwa ipate nafasi, akaondoa kibomba cha kupozea mafuta ya usukani.

“Usijali, bosi,” alinituliza. “Barabara za huku zimenyooka. Kona utazikata wapi?”

Sikumwambia. Rehema, niliyempenda kimya kimya tangu chuo kikuu, alikuwa amehamia mjini kutoka Mpwapwa, na bado hajaolewa. Jumamosi moja nilipita mbele ya nyumba yake, nikitumaini atakuwa nje, tukutane kana kwamba ni bahati. Hakuwapo. Nikauzunguka mtaa, nikapita tena, kisha tena, kila mara nikijiapia kuwa ndiyo ya mwisho.

Ghafla usukani ukawa mzito kama jiwe, moshi ukafuka, na gari likakwama likiwa limeelekea getini kwake. Rehema akatoka. Nilimsalimu, nikasema napita tu kikazi.

Gereji haikuwa mbali. Saidi alikuja, akafungua boneti, akatikisa kichwa.

“Mafuta ya usukani yamechemka kwa kukata kona, bosi. Umezitoa wapi kona zote hizi?”

Nilitazama viatu vyangu.

“Hapa hapa,” Rehema alijibu kwa niaba yangu. “Amezunguka mara kumi na moja. Nilikuwa dirishani, nasubiri abishe hodi.”