Nilisugua Gari la Mume Wangu kwa Jivu, Naye Akanisugua Mimi

Admin, naomba ulifiche jina langu vizuri, maana wifi zangu wote wanafuata ukurasa huu na wanapenda sana kukomenti. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nimeolewa Bukavu, upande wa Ibanda, na nina binti mmoja wa miaka saba. Kwa sasa niko kwa wazazi wangu kijijini, huko Walungu. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado haujapona. Wale ambao mtaanza na "mwanamke ni kuvumilia", nawaomba mpite kimyakimya.

Mume wangu alikuwa mtu wa benki. Tangu benki zifungwe mjini kwa sababu ya vita, kilichobaki cha kuonyesha kwamba naye alikuwa mtu ni gari lake jeupe. Analikodisha kwa harusi: wanalifunga riboni na maua, linabeba maharusi, linarudi. Siku ile lilirudi na gundi ya skochi, ile tepu ya kubandikia maua, imeganda boneti nzima, imepigwa jua na kuokota vumbi mpaka ikawa nyeusi. Akaniambia, "Tosha hii buchafu. Batu ba harusi ingine banakuya kuona gari leo." Akaenda zake barabarani kuongea na wenzake.

Nilianza na maji ya moto na sabuni, gundi ikanicheka. Nikapaka petroli, ikalainika kidogo kisha ikatapakaa zaidi. Sasa niwaeleze kitu. Kwetu mke mpya anapimwa kwa sufuria zake. Mama mkwe wangu hakuniuliza kama nimesoma, aligeuza sufuria juu chini akazitazama matako. Miaka yote hii nimezisugua kwa jivu na sponji ya waya mpaka ukitazama ndani unajiona uso, na kwa hilo nimesifiwa ukoo mzima. Basi nikaona boneti nayo ni bati tu. Nikaleta jivu langu na waya wangu, nikasugua kwa nguvu zote. Baadaye nimeambiwa mafuta ya kupikia na kitambaa laini vingetosha, lakini siku ile nani alikuwepo wa kuniambia?

Gundi ilitoka yote. Na boneti ikiwa bado na maji iling'aa, jamani! Nikamwita mume wangu kwa majivuno kabisa. Alipofika, maji yalikuwa yanakauka, na kadiri yalivyokauka ndivyo mikwaruzo ilivyojitokeza, duara juu ya duara. Rangi ilikuwa imefubaa kote, na penginepo bati lilibaki tupu.

Sikuuona mkono wake ukiinuka, nilisikia sikio likilia. Akanishika nywele, akanilaza kifudifudi juu ya boneti, akanigonga uso humo mara kadhaa huku akiuliza, "Hii iko nyungu? Nakuuliza, hii iko nyungu ya mama yako?" Kisha akaokota ile sponji ya waya, akaichovya kwenye jivu, akaubana mkono wangu wa kulia na kuanza kuusugua kuanzia kiwiko mpaka kwenye kiganja. "Sikiya! Sikiya venye gari yangu ilisikiya!" Ngozi ilikuwa inatoka na waya. Binti yangu alisimama mlangoni akilia, "Papa, wacha maman!" Jirani mmoja akasema ng'ambo ya ua, "Papa, inatosha sasa." Hakufungua geti.

Alipochoka akaniachia, akageuka kunawa damu yangu. Mimi siyo mtu wa kulia nikishapigwa. Mchi wa kutwangia sombe, yaani kisamvu, ulikuwa palepale kwenye kinu. Niliunyanyua, nikavunja kioo cha mbele, nikavunja taa zote mbili, na aliponirukia nikampiga nao gotini, akaanguka chini akipiga mayowe. Nitukaneni mkitaka. Nilisikia raha moyoni na sijutii mpaka leo. Ila kaka zake walifika mbio, wakanisukuma nje na kandambili moja mguuni, wakafunga geti. Mtoto wangu alibaki ndani.

Familia zimeshakaa. Baba yangu mzazi, mtu aliyenibeba mgongoni, alisema mbele ya wote, "Yeye aliharibu mukono, weye uliharibu gari. Muko sawasawa." Mama mkwe akaona hata hiyo imenipendelea: "Ngozi inarudiaka yenyewe. Rangi ya gari hairudiake." Wakakata shauri hivi: mume wangu atamletea baba mbuzi na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, wanywe, na mimi Jumapili hii baada ya misa niende kwake, nilioshe gari mbele ya ukoo wao, nipige magoti niombe msamaha. Nikifanya hivyo nitarudi kwa mtoto wangu. Nisipofanya, mtoto ni wa baba na nisimtafute. Shangazi akanikumbusha kwamba mkono usioweza kuukata, uubusu. Nilimwambia wangu umeshakatwa nusu, akanikasirikia.

Nilikuwa nimekaza moyo kwamba siendi. Lakini jana binti yangu alinipigia kwa simu ya jirani, anaongea chini chini. "Maman, batu ba gari balitengeneza, iko na kioo ingine. Sasa mi njo nayoshaka gari. Papa anasimamaka pale ananiangalia." Nikamwambia asiguse lile gari. Akasema papa hataki aache. Kisha akaniuliza, "Maman, kama naikwaruza, nitakimbiliya wapi?"

Simu ikakatika. Ndugu zangu, na hasa ninyi kina mama mliowahi kutoka kwenye nyumba kama ile na mtoto mkononi, nijibuni kabla ya Jumapili: nikapige magoti, au nifanye nini?