Fundi wa Kuzungusha Unga

Marehemu mke wangu alikuwa fundi wa mashine ya sumaku, mimi nikifagia chumba cha mashine hiyohiyo. Mashine ilizoea kupima vitu vya majimaji. Wakubwa wakataka ipime unga, yaani vitu vikavu vilivyosagwa, na unga sharti uzungushwe mbio ndipo mashine iusome. Mke wangu akachonga kikopo kidogo kama punje ya hindi. Alishindilia unga kwa kijiti, akigonga, akipuliza ukingo, akigonga tena, maana unga ukilalia upande mmoja, kikopo hupasuka kikizungushwa. Viwili vilishapasuka. Cha tatu kikipasuka, kazi ingefungwa.

"Mzee wangu, acha ufagio, unanitikisia."

"Ufagio gani utatikisa dude hili?"

"Basi acha kupumua."

Akakitia kikopo mashineni, akafungua upepo wa kukizungusha. Kikopo kikavuma, kikayumba, kisha sauti ikanyooka. Wakubwa wakapiga makofi. Yeye bado alikuwa ametega sikio, kanishika mkono, na hakuuachia hadi mashine ilipozimwa. Natamani wasingeizima.