Samaki wa Gwenola na Sweta ya Mistari

Gwenola Kerbrat hajui kunyamaza. Akiosha vyombo vya maabara anaimba, akichanganya dawa anaimba, na kutwa anamsemesha samaki wake wa dhahabu kama shangazi aliyekosa wageni. Meza zetu zinapakana hapa Brest, Ufaransa, na masikio yangu yameshazoea.

Kazi yake ni neva za macho. Neva yetu binadamu ikikatika ndiyo basi, lakini ya samaki huyu huota upya. Seli hutengeneza kwa wingi protini za kiunzi, zile zinazoushikilia uzi wa neva kwa ndani, na uzi husonga polepole mpaka ubongoni. Neva zote mbili za samaki wake zilikuwa zimebanwa kwa makusudi zikakatika. Protini za samaki wenzake nilizipima mimi mwenyewe, na kweli zilikuwa zimefurika. Likabaki swali moja: je, anaona? Kama haoni, shahada ya Gwenola imekwenda na maji.

Ijumaa moja aliingia na keki ya siagi. Kwetu keki huletwa na aliyeharibu jaribio, kwa hiyo tulishtuka.

"Umeharibu nini tena?" akauliza Goulven, mtafiti mwenzetu, mtu wa kejeli.

"Sijaharibu kitu! Anaona! Njooni!"

Akagonga ukingo wa beseni la kioo, ko ko ko, akadondosha chakula. Samaki akaja mbio.

"Mama wee, huyo amekusikia tu," Goulven akasema. "Ukinigongea hivyo na keki hiyo, hata mimi nakuja macho nimefumba. Basi tukate, imeletwa kihalali."

Gwenola akanywea. Kila siku alikuwa akigonga hivyohivyo bila kufikiri, akamfundisha samaki kuja kwa mlio. Nilimhurumia sana, ingawa keki nilikula.

Goulven, kipande mkononi, akaanza kulizunguka beseni akimtania samaki. Alikuwa amevua koti la maabara, amebaki na sweta yake ya mistari ya buluu na nyeupe. Gwenola akainua kichwa ghafla.

"Usisimame!"

"Kuna nini?"

"Zunguka, wewe!"

Samaki alikuwa akigeuka naye. Samaki anayeona mistari ikipita huifuata, hilo tunalijua sote.

"Sasa vaa koti, funga vifungo vyote."

Akavaa, akazunguka. Samaki akatulia palepale.

"Vua!"

Akavua. Samaki akaanza tena kumfuata, polepole, upande huu, kisha upande ule alipogeuza mwendo. Kejeli ilimtoka Goulven usoni. Aliendelea kuzunguka huku mdomo umejaa keki, anaogopa hata kutafuna.

"Ananiona," akasema kwa sauti ndogo. "Gwenola, huyu ananiona mimi."

Gwenola alikuwa amekaa sakafuni, analia na kucheka kwa pamoja, na wimbo hata mmoja hakuukumbuka.

Jumatatu, keki ililetwa na Goulven.