Kwenu ni Udongo

Wivu wangu ulianza na mtu, sanduku lilifuata baadaye. Mtu mwenyewe ni mume wa dada yangu, na niseme mapema kwamba hakuwa amenikosea jambo lolote. Alisoma chuo cha ufundi Arusha, ana cheti chenye mhuri, na ameajiriwa kwenye karakana ya hoteli kule juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, anakotengeneza Land Rover za watalii. Mimi sikusomea ufundi popote. Injini nilijifunza kwa trekta bovu lililotelekezwa nyuma ya ghala la jirani yetu hapa Karatu. Nililifungua na kulifunga mpaka nikajua kila nati inakokaa. Baadaye watu wakaanza kuniletea baiskeli, kisha mashine za kusaga, kisha pikipiki ya katekista. Kazi ikiisha vizuri walishukuru, halafu wakaongeza kwamba hata shemeji yangu asingeweza kuifanya vizuri zaidi. Waliona wamenisifu. Mimi usiku nililala nikilitafuna hilo jina lililoingizwa katika sifa zangu.

Spana zangu nilizitunza ndani ya debe la mafuta ya kupikia, kila moja imeviringishiwa kitambaa chake, ndogo juu, kubwa chini. Nikihitaji ya chini nilizitoa zote na kuzirudisha zote kwa utaratibu, kwa sababu nisipofanya hivyo moyo hautulii. Shemeji aliliona debe lile mara moja tu, likamtosha. Tangu siku hiyo kila akiingia kwetu alikuwa akisema, "Debe tupu..." halafu ananyamaza, ananiachia nimalizie methali mwenyewe.

Siku moja dada alinituma nimpelekee mumewe ujumbe kule hotelini. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye miti. Nilimkuta amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana, na pembeni yake limesimama sanduku la vifaa refu kama kabati, lenye droo na magurudumu. Akanyoosha mkono, akalivuta, likaja. Halikutoa hata sauti. Akafungua droo, akachukua spana aliyoitaka, akalisukuma likarudi. Muda wote huo hakuligeukia hata mara moja. Hapo ndipo wivu uliponikaa kifuani kama mwiba wa samaki.

"Shemeji, funga mdomo, inzi wataingia," alisema kutoka uvunguni.

"Huku kwenu baridi, hakuna inzi," nikamjibu, lakini sauti yangu haikuwa na utani.

Sanduku lile lilikuwa mali ya hoteli. Nilijifariji kwa hilo njia nzima ya kurudi. Yeye mwenyewe hakuwa nalo, na nilijua analitamani la kwake kwa ajili ya kazi za nyumbani siku za mapumziko, maana dada alishaniambia.

Mwaka juzi, mwaka ule ambao hata sabuni ilikuwa ya mgawo, mashine ya kumenya kahawa kwenye shamba moja kubwa upande wa Oldeani ilikwama katikati ya mavuno. Kipuri hakikupatikana Arusha wala Moshi. Nikachonga kipande cha chuma cha jembe la trekta, nikakisugua kwa tupa mpaka kikaingia, mashine ikazunguka. Wenye shamba walikuwa wanalifunga wahame, na karakana ilikuwa inahamishwa. Msimamizi akaniambia kuna masanduku mawili ya magurudumu, nichague moja, liwe asante yangu.

Sikulala vizuri wiki nzima. Niliogopa atabadilisha mawazo, niliogopa zaidi kwamba nitachagua vibaya. Dada akasema mumewe atakuja nami anisaidie kubeba. Nilitaka kukataa, nikakosa sababu ya kumwambia.

Masanduku yalisimama kwenye sakafu ya saruji iliyong'aa kwa miaka ya mafuta. Moja lilikuwa jekundu, limetoka ng'ambo, droo zake zimepangwa kuanzia nyembamba juu hadi nene chini, na ufunguo wake unaning'inia. La pili lilikuwa la kijani, limechomelewa palepale shambani kwa bati la pipa. Lilikuwa na nafasi moja kubwa ndani isiyo na droo, trei mbili, mpini kama wa machela na tairi za toroli. Ubaya wake ulionekana tangu mlangoni.

Nililikagua jekundu kama anayemkagua ng'ombe wa mahari. Nilivuta kila droo hadi mwisho nikaisikiliza ikirudi. Niliweka nati juu yake, nikalisukuma toka ukuta hadi ukuta, nati haikuanguka. Nilipiga magoti nikaangalia beringi. Nikakuta mkwaruzo mmoja ubavuni, ukanisumbua, nikaufuta kwa mate, haukufutika, nikausamehe.

Shemeji alizunguka yote mawili. Kisha akapiga tairi la lile la kijani teke dogo.

"Chukua hili," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwenu ni udongo."

Hapa lazima nieleze. Nyumba yetu ina sakafu ya udongo, ambayo mama huisiriba kwa samadi na majivu kila Jumamosi. Nyumba ya dada ina saruji. Mumewe aliimwaga mwaka waliooana, na mama kila akienda huko huvua viatu, hukanyaga polepole, na akirudi kwetu husifia ubaridi wake mpaka ninatoka nje. Kwa hiyo maneno yale mawili matatu hayakufika kwangu kama ushauri. Niliyasikia hivi: kitu kizuri namna hii si cha watu kama nyinyi.

Na jambo jingine nililiona. Mdomo wake ulikuwa unasifia la kijani, lakini mkono wake ulikuwa umelala juu ya jekundu, unapapasa pembe yake. Nikajua nia yake. Nikamwambia msimamizi nachukua jekundu. Nililisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Lile la kijani likakosa mwenyewe, na msimamizi akampa shemeji alichukue tu, kuliko lioze nje. Alishukuru kwa midomo.

Trela ya trekta ilinishushia sanduku nyumbani. Wanaume wanne walilibeba hadi ndani ya banda langu la kazi. Nikapanga spana zangu, kila moja droo yake, nikapenda hata nafasi zilizobaki wazi. Kisha nikalala chini ya pikipiki ya katekista, ambayo haikuwa na ubovu wowote siku ile, nikanyoosha mkono bila kuangalia, nikavuta.

Halikuja. Nilivuta tena. Magurudumu yake, madogo kama vikombe vya kahawa, yalikuwa yamezama kwenye udongo hadi nusu. Nilijiambia udongo bado mbichi. Nikaushindilia kwa mchi, nikaumwagia maji, nikaushindilia tena. Masika yalipoanza banda likanyonya unyevu kutoka chini, na asubuhi moja, mbele ya mteja aliyeleta mashine ya kusaga, sanduku likainama taratibu na droo zote zikafunguka zenyewe, moja baada ya nyingine, zikamwonyesha mgeni kila nilichokuwa nacho. Kwa jinsi nilivyo navyo vichache, hakuchukua muda kutazama.

Wakati huohuo lile la kijani lilikuwa linazunguka Karatu nzima. Shemeji akipumzika alilivuta kwenye matope, kwenye mawe, hadi njia ya kwenda Buger. Watu walimsikia akija kwa mlio wa tairi. Wateja wangu wawili aliwatengenezea njiani tu, kwa sababu alikuwa anapita. Ndipo nikaanza kulionea wivu sanduku baya, ambalo ningeweza kulipata kwa neno moja. Huo ni wivu wa aina ambayo sikujua kama ipo. Humwambii mtu, kwa kuwa hakuna wa kumlaumu.

Jumapili moja dada na mumewe walikuja kula kwetu. Baada ya chakula aliingia bandani, akaona magurudumu yalivyozama, akacheka mpaka akashika nguzo. Nilisubiri aseme alinionya. Angesema hivyo ningepata cha kukasirikia. Badala yake akafuta macho, akakaa juu ya debe langu la zamani.

"Shemeji, nikwambie ukweli?" akasema. "Mimi udongo wenu sikuufikiria hata kidogo. Nililitaka hilo jekundu. Nikasema nikikudharau kidogo utachukua la kijani, hili liniangukie mimi."

"Kwa hiyo ulinidanganya?"

"Nilikudanganya. Bahati mbaya nikasema kweli."

Sikujua nicheke au nimtoe nje. Nilikuwa nimekisoma kijicho chake sawasawa, bila kukosea hata herufi, na kwa kukisoma sawasawa nikajichagulia vibaya. Yeye naye alikuwa amelala akilitamani langu, kama mimi lile la hotelini. Nakiri kwamba nilisikia utamu. Tangu nimfahamu, sikuwahi kuwa na kitu anachokitaka.

Akaniomba tubadilishane. Kwake kuna saruji, kwangu kuna udongo, kila sanduku liende panapofaa magurudumu yake. Dada akasema ni jambo la akili. Mama akasema mimi ni mbishi kama baba yangu, lakini si mjinga kama yeye, kwa hiyo nitakubali. Wote walikuwa sahihi na nilijua. Hata kichwani nilikuwa nimeshapanga spana zangu kwenye zile trei mbili.

Nikasema nitafikiri. Ni masika ya pili sasa, bado nafikiri.

Nimepata mbao mbili ndefu. Nikitaka kulisogeza sanduku nalivuta juu ya mbao moja, nafika mwisho, natoa ile ya nyuma naileta mbele, navuta tena. Kazi ya kuchukua spana moja inakula muda ambao mtu mwingine angefunga tairi zima. Wiki iliyopita shemeji alinikuta katikati ya safari hiyo, mvua inapiga bati, niko peke yangu. Hakusema kitu cha debe. Aliinama akashika mbao ya nyuma, akaileta mbele, akailaza vizuri.

"Pita, malkia," akaliambia sanduku.

Tulilifikisha penye mwanga. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaniuliza kama anaweza kufungua droo moja tu, ya tatu. Nikampa ufunguo. Akaivuta hadi mwisho, akairudisha. Akaivuta tena, polepole zaidi, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Uso ule niliujua. Ndio niliokuwa nao kule juu kwenye ukungu, nimesimama kando ya miguu yake.

Nilimwacha amalize. Kisha nikanyoosha mkono, akanirudishia ufunguo, nikafunga.