Chui Aliyetaka Mguu Wangu

Wanajeshi walikuwa wameshaupora mji, na hospitali ilibaki na kuta na daktari. Vitanda vilikwenda, magodoro yalikwenda, hata milango ya vyoo ilikwenda; mpaka leo sijui mtu anaipeleka wapi milango ya vyoo. Katika hali hiyo, sisi wagonjwa tumelala juu ya mikeka, akaja bwana mmoja wa Kinshasa amevaa tai, kupima jinsi wazazi na madaktari wanavyoamua pamoja matibabu ya watoto. Dawa hakuleta. Alileta saa mbili za kubonyeza, za kuhesabu dakika.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa mwenye kidonda kilichofika kwenye mfupa wa mguu. Daktari alitaka kuukata asubuhi ile, kabla sumu haijapanda juu. Mama, aliyenibeba mgongoni kutoka mtaa wa Bel-Air, alitaka asubiri. Mimi mwenye mguu nilikuwa katikati yao.

Bwana alieleza kazi yake. Daktari akisema, atabonyeza saa ya kulia. Mama akisema, ya kushoto. Saa zikikaribiana kwa dakika, basi wameamua pamoja. Hesabu safi kabisa. Lakini mama alikuwa wa ukoo wa Mbuzi, na daktari wa ukoo wa Chui, na koo hizo ni watani tangu huko kwao ziwani, upande wa Kilwa yetu, si ile ya pwani. Watani hawasalimiani bila kutukanana, na mmoja akifa ni mwenzake anayemzika. Hakuna aliyefikiria kumwambia bwana yule. Nani anaeleza jambo ambalo kila mtu analijua?

"Weye Mbuzi," daktari alianza, akibonyeza kidonda kwa dole gumba, "unaniletea mifupa, nyama iko wapi?"

"Chui bila meno!" mama akajibu. "Balipora hospitali yako mpaka sahani, njala imekushika, sasa unatamani muguu ya mutoto wangu?"

"Nitaikata, nitaipika na majani ya sombe."

"Kata! Lakini matanga yake utafanya weye. Sanduku utanunua weye, kaburi utachimba weye, na kulia utalia weye!"

"Mmoja mmoja, tafadhali!" bwana alipiga kelele kwa Kifaransa. Saa zote mbili zilikuwa zinakimbia pamoja, na vidole vyake havikujua tena kipi ni cha nani.

Daktari alicheka, kisha akauliza polepole kama nyumbani kuna makaa. Yalikuwepo. Kama mama ataweza kuchemsha maji ya chumvi, kunisafisha asubuhi na jioni, kunileta kila siku. Mama alisema ataweza. Daktari akachora mstari wa kalamu chini ya goti langu.

"Wekundu ikipita hapa, nakata."

"Ikipita," mama alisema, "nitakushikia kisu." Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kumwona mama ameishiwa matusi.

"Nani ameamua?" bwana aliuliza.

Mama alimnyooshea daktari kidole. Daktari alimnyooshea mama. Tukapewa sifuri, pamoja na karipio refu juu ya adabu. Mama mwingine aliyetufuata kwenye foleni aliinamisha kichwa na kujibu "Ndiyo, munganga" kwa kila kitu, hata alipoulizwa mtoto anaumwa wapi. Bwana alifurahi mno, akazitia saa zake mfukoni na kumpa alama zote.

Wekundu haukuvuka mstari. Ninachechemea kidogo wakati wa mvua, basi. Ile sifuri inaniudhi kuliko kovu.

Miaka mingi baadaye mama alikufa, na daktari akaja kwenye matanga, mzee sana, na fimbo. Jeneza lilipotoka uani tulimkuta ameketi chini katikati ya njia, kama haki ya mtani inavyomruhusu.

"Huyu Mbuzi hatapita," alisema. "Alininyima muguu yangu. Naitaka leo."

Watu walicheka huku wanalia. Nilimwachia ndugu yangu upande wangu wa jeneza, nikachuchumaa mbele ya mzee, nikapandisha suruali. Akabonyeza kovu kwa dole gumba lile lile.

"Inauma?" aliuliza. Siku ile ya saa za kubonyeza hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Inauma," nilisema, na sikuwa nasema juu ya mguu.

Akasogea, mama akapita.