Maji Mengi Katika Jaruba Kavu

Saa nne kasorobo asubuhi baba aliweka chini kikombe cha uji akasema kichwa kinampasuka, upande wa kulia tu. Ni upande huo aliofanyiwa upasuaji wiki iliyotangulia, katika hospitali moja ya Mwanza. Daktari mgeni alifungua mshipa wa shingo uliokuwa umeziba, damu ikapata njia ya kwenda kwenye ubongo. Mkono wa kushoto, ambao kwa miezi ulikuwa ukiangusha jembe, ukapata nguvu. Sisi nyumbani, Ushetu, tulidhani kazi imekwisha.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa na jibu. "Amepasuliwa, damu imemwagika. Aongezewe!" Akainjika supu ya kongoro, chumvi tele.

Mama aliiepua. "Wifi, damu haijapungua. Imezidi."

"Udaktari umesomea wapi?"

"Kwenye mpunga. Jaruba likikaa kavu muda mrefu, ukalifungulia mfereji wote kwa mara moja, kingo zinabaki?"

"Haya! Kichwa cha kaka yangu sasa ni jaruba!"

Mama hakuwa akibuni. Daktari alimwonya kwamba mishipa iliyozoea damu kidogo huweza kuzidiwa damu inaporudi kwa nguvu. Hutokea mara chache sana, lakini kichwa kikiuma upande ule, mgonjwa awahishwe hospitali, presha ishushwe. Tangu hapo nimesoma kila kitabu cha tiba kilichonifikia. Sijakuta maelezo yanayoshinda yale ya jaruba.

Kabla ya adhuhuri, tukiwa bado tunatafuta gari, mkono wa kushoto ulianza kurukaruka, kisha mwili wote ukakakamaa. Wazee walisema ni mizimu, aitwe mganga. Mama alikwenda barabarani, akasimama mbele ya lori la tumbaku lililokuwa likienda Kahama.

"Mayu! Mama, utakufa!" dereva alipiga kelele.

"Basi utabeba wawili."

Marobota yakashushwa, baba akalazwa nafasi yake. Hospitalini Kahama alichomwa sindano ya kutuliza degedege, akapewa dawa ya kushusha presha, kidogo kidogo, kama mtu anayeziba mfereji kwa udongo. Siku chache baadaye aliomba ugoro, akaupokea kwa mkono wa kushoto.

Tuliporudi, shangazi alimtazama kaka yake, akalia, kisha akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Majirani walikuwa wamekwisha kuchangia mazishi.

Mama alizirudisha fedha hizo nyumba kwa nyumba, baba akimfuata nyuma na kuwaamkia watu. Zilikuwa shilingi mia moja themanini na tano za wakati ule.