Balbu Walizomletea Mama

Mimi ni fundi miwani. Nasaga lenzi, nazitia kwenye fremu, namvalisha mteja, kisha namwambia amependeza hata kama amekuwa kama bundi. Duka liko Auderghem, upande ule wa Bruxelles ambako mbwa wana makoti mazuri kuliko ya majirani zangu. Mteja akiingia na kukuta mimi, mwanamke mweusi, ndiye niliyesimama pale mbele, macho yake huanza kuzunguka akimtafuta fundi. Namwacha atafute. Akichoka namuuliza haoni mbali au haoni karibu.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba habari za mwanga nilizijua kabla kanisa la mama halijaanza kunihubiria. Mkate wangu wote umesimama juu ya mambo mawili. Mwanga ukigonga kitu kinachong'aa unarudi, na pembe uliyoingilia ndiyo unayotokea, kama mpira uliopigwa ukutani. Ukiingia kwenye maji au kioo unapunguza mwendo na kupinda. Ndiyo maana kijiko kwenye glasi ya chai ya rangi kinaonekana kimevunjika, na kwetu Bukavu sijawahi kuona mtu akifunga na kuomba kwa ajili ya kijiko hicho. Tena kila rangi inapinda kivyake, kwa hiyo mwanga mweupe ukipita mahali panapofaa unaachana, nyekundu huku, bluu kule. Basi. Malaika hayumo.

Mama alianza kuona pete msimu wa baridi uliopita. Tulikuwa tumetoka Matonge, mtaa wa Waafrika, kule kwenye galeri ya maduka alikosukwa nywele, tunasubiri basi. Ilikuwa saa kumi na moja jioni na giza limeshaingia, kama kawaida ya Bruxelles wakati huo wa mwaka. Akatazama taa ya barabarani, akanishika mkono.

"Mama, ona ile taa. Iko na pete."

Hapo aliyeitwa mama ni mimi. Ndivyo anavyoniita akifurahi.

"Pete gani?"

"Pete ya marangi. Nyekundu inje, bluu mu ndani. Muzuri vile!"

Nikatazama. Taa ilikuwa taa. Ukungu haukuwepo, mvua haikuwepo. Nikaogopa, maana kwa mtu wa kazi yangu pete za rangi katika hewa safi zina maana moja tu: mwanga unavurugwa ndani ya jicho lenyewe.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho, na daktari hakumung'unya maneno. Jicho la kushoto lilikuwa limefifia siku nyingi, lakini hatari ilikuwa kwenye la kulia. Lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho la kulia ilikuwa imefanya ukungu, mtoto wa jicho, tena ilikuwa imevimba hadi inaziba njia ambamo maji ya jicho hutokea. Maji yakizuiwa, presha ya jicho inapanda. Ikipanda, kile kioo cha mbele kinajaa unyevu, na unyevu huo ndio unaochambua mwanga wa taa na kuupanga rangi rangi. Dawa yake ni kuitoa lenzi hiyo na kuweka nyingine ya kutengenezwa. Tusipoitoa, alisema, iko siku presha itapanda na kukataa kushuka, mshipa wa jicho utakufa, na mshipa huo ukifa hakuna anayeufufua. Akampa matone ya kutia wakati tukisubiri upasuaji. Mama akaitikia "oui docteur, oui docteur," kwa adabu ile wanawake wetu wanayompa yeyote mwenye koti jeupe. Kisha akaenda kumweleza pasta.

Kanisa lenyewe liko Molenbeek, karibu na mfereji, ndani ya gereji ya zamani ambayo wakiwasha joto bado inanuka matairi. Pasta ni mtu wa kuvaa miwani nyeusi ya kioo, ile inayorudisha mwanga wote kwa anayemtazama, katika mji ambao jua linapita kama mtu aliyekosea nyumba. Mimi sikumuuzia. Ukisimama mbele yake humwoni macho. Unajiona mwenyewe, mdogo, umepinda kidogo, maana kioo kilichobinuka hukufinya hivyo. Nadhani ndiyo sababu waumini walimpenda: kila aliyemtazama alijiona yeye.

Jumapili hiyo, saa ya ushuhuda, akamsimamisha mama mbele za watu. "Maman iko anaona utukufu!" akapaza sauti. "Sisi tunaona taa, alors, yeye anaona gloire!"

Kanisa likalipuka kwa amina. Lazima niseme mama alikuwa nani pale kabla ya siku hiyo. Alikuwa yule mama wa sahani. Kukiwa na matanga, kukiwa na harusi, wenzake wakicheza na kupiga picha, yeye yuko nyuma kwenye sinki na mikono imefika kwenye viwiko ndani ya povu. Wanawake waliomsalimu kwa ncha za vidole sasa walimpokea mkoba mlangoni. Akapewa kiti cha mbele, kile chenye mto.

Halafu zikaanza balbu.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja anayewatunza wazee. Alifungua balbu ya sebuleni kwake, akaileta kanisani ndani ya kitambaa cha kichwa, akataka kujua kama Mungu anakaa nyumbani mwake. Mzee wa kanisa akaifunga kwenye taa ya mezani, akaizungusha kwa heshima kama anashika yai. Mama akatazama, akasema pete iko, tena kubwa. Vigelegele! Jumapili iliyofuata kulikuwa na foleni. Watu wazima na akili zao, waliopita mipaka kwa miguu, waliojifunza lugha za watu wakiwa na mvi, wamesimama na balbu ndani ya soksi wakingoja kusomewa.

Kulikuwa na baba mmoja mpole, dereva wa lori la mizigo, aliyeleta balbu ya chooni. Sijui kwa nini alichagua ya chooni. Ilikuwa ya zamani, ya njano, imechoka. Mama akakaza macho, akasikitika: "Ya papa, pete iko kidogo sana. Karibu siioni." Yule baba akalia, na mkewe akamtupia jicho ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. Juma lililofuata akarudi na balbu ya kumulikia uwanja wa mpira, akawa ndiye mbarikiwa kuliko wote. Taa kali inatoa mwanga mwingi wa kutawanyika, pete inakolea, ndiyo siri yote. Lakini pale gereji nguvu ya Roho Mtakatifu ikawa inapimwa kwa wati. Nilikaa kiti cha nyuma nikasonya hadi jirani yangu akahama.

Nisingejali. Waabudu hata jokofu, mimi linanihusu nini? Lakini siku moja mchana nilimkuta mama jikoni ameegemea friji, ameshika paji la uso, ametapika kwenye ndoo. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kama nyanya. Nikatafuta chupa ya matone. Ilikuwa imejaa, haijapungua hata kidogo.

"Mama, dawa hutii?"

"Nikitia, pete inaisha."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini hatii chumvi kwenye uji. Pasta alimwambia dawa inazima taa ya Mungu. Na upasuaji je? Ameufuta. Amepiga simu hospitali yeye mwenyewe. Mama yangu, ambaye simu ya Kifaransa ikilia hunikabidhi kama kaa la moto, alipiga simu, akangoja kwenye laini, akajieleza, akafuta. Nilimtilia matone nikimshika kichwa kwa nguvu, maumivu yakatulia jioni, naye akaanza kuuliza kama Jumapili nitamfikisha kanisani mapema.

Nilimfikisha. Tena nilivaa vizuri.

Saa ya ushuhuda ikafika, nikainua mkono. Pasta akafurahi kuniona nimelainika. "Ma sœur, karibu, karibu." Nikaenda mbele. Balbu ya uwanja wa mpira ilikuwa inawaka pale kwenye stendi, na mama kwenye kiti chake chenye mto, mbali kidogo nayo.

"Mama, pete iko?"

"Iko," akasema, akitabasamu kwa watu.

"Funga jicho la kushoto. Nyoosha mkono. Funika balbu kwa kidole gumba. Balbu peke yake, pete uiache nje."

Nikawaeleza wote, kwa sauti ya dukani, ile ninayoitumia kwa wanaotaka kunifundisha kazi. Kama pete iko kule kwenye taa, kidole kitaficha taa na pete itabaki imekizunguka kidole. Kama pete inatengenezwa ndani ya jicho kwa mwanga wa taa, basi mwanga ukizuiwa jicho halina cha kutengenezea. Mtoto wa shule anaelewa.

Mama akanyoosha mkono. Akafumba jicho la kushoto, akainua kidole gumba.

"Pete iko wapi?"

Alikisogeza kidole pembeni kidogo, akakirudisha palepale.

"Mama, nimeuliza pete iko wapi."

"Imeenda."

"Toa kidole."

"Imerudia."

"Haya, funika tena."

Hakufunika tena. Alishusha mkono akauweka mapajani, chini ya ule mwingine.

Hapo mtu mwingine angenyamaza. Mimi niliwageukia. "Mnaabudu maji yaliyokwama ndani ya jicho la mama yangu," nikawaambia. "Ugonjwa! Mnapiga vigelegele kwa ugonjwa! Chukueni balbu zenu mkazirudishe chooni." Mtu akasema "Yesu!" Yule baba dereva akatazama viatu vyake. Pasta akanielekezea miwani yake, na mle ndani nikajiona mara mbili, nimeinua kidole.

"Shetani naye anajua fizikia," akasema. Wachache wakasema amina, kwa kunong'ona.

Mimi nilikuwa namtazama mama. Alikuwa amesimama. Alikunja kitenge alichotandika juu ya ule mto, akapita katikati ya viti bila kumwangalia mtu, akaingia nyuma. Baadaye kidogo tukasikia bomba la sinki. Hakukuwa na sherehe siku hiyo, wala matanga. Sahani zilikuwa safi, na aliziosha zote.

Kwenye metro alikaa dirishani. Njia nzima alisema neno moja tu: "Waambie ku hôpital nitakuya."

Nilikuwa nimeshinda, na sitadanganya, nilisikia raha. Nilipiga simu palepale kituoni. Upasuaji ukafanyika wiki hiyohiyo, ukaenda vizuri, mshipa ulikuwa bado mzima. Daktari alinionyesha kwenye picha lenzi mpya ilivyokaa. Kazi safi, nilipenda. Akasema sasa mama ataona sawasawa, hata sura ya mtu aliyesimama mlangoni.

Kesho yake plasta ikatolewa. Mama alikaa kwenye kiti sebuleni akaangalia mapazia, akashangaa kwamba ni meupe. Akaangalia mikono yake mbele na nyuma. Akaangalia kijiko ndani ya glasi, akacheka. Giza lilipoingia alikwenda dirishani, akatazama taa za barabarani kwa muda mrefu.

"Ni taa tu," akasema.

Siku zilizofuata hakuja mtu. Wale wa kumpokea mkoba, hakuna. Mama wa wazee, hakuna. Hata ujumbe wa simu wa kuuliza ameamkaje haukuja. Mama hakulalamika, lakini kila lifti ikisimama kwenye ghorofa yetu aliinua kichwa. Mimi nilizunguka nyumbani nikisema hawa ndio watu wako, hawa ndio waliokutengenezea utukufu, umewaona sasa? Nikasema hivyo mara nyingi, nadhani.

Jumamosi mlango ukagongwa. Nikafungua. Alikuwa yule baba wa balbu ya chooni, amevaa suti ya Jumapili, ameshika mfuko wa machungwa. Mvua ilikuwa imemlowanisha mabegani.

"Bonjour, ma fille. Nimekuya kusalimia maman. Ye iko anaendelea?"

Sikumwambia neno baya. Nilimtazama tu. Nilianza na viatu, nikapanda hadi kwenye suti, nikafika usoni, nikakaa hapo. Kisha nikamwambia mama amepumzika.

"Sijapumzika," mama akasema nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa kwenye kiti chake ng'ambo ya sebule, na alikuwa ananitazama. Kabla ya hapo, kwa umbali ule, kwa muda mrefu kuliko tulivyodhani, nilikuwa kwake kivuli chenye sauti.

"Ingia, papa," akamwambia mgeni. "Kikala."

Yule baba akapita pembeni yangu, akaomba radhi kwa kunipita, akakaa. Mama bado alikuwa hajaondoa macho usoni kwangu.

"Kumbe ndio vile unaangaliaka watu," akasema taratibu. "Na miye, ile siku ku kanisa, uliniangalia vile vile?"

Daktari alisema ataona hata sura ya mtu aliyesimama mlangoni, na alikuwa anaiona. Nilichukua machungwa nikaenda kuyaosha.